Tulipowaning'inizia Panya Chakula

Ninyi mnaorithi chumba cha wanyama, mkiwa na makoti meupe ambayo bado yana mikunjo ya dukani, msitarajie kwangu hotuba ya ushindi. Nimestaafu nikiwa bado mwanafunzi. Tasnifu yangu ya uzamivu, inayohusu mabadiliko ya homoni kwa panya waliokatika uti wa mgongo, imefika sura ya nne na hapo imekaa, kama pikipiki iliyozama kwenye tope la njia ya Kabambare: inanguruma, lakini haiendi. Kila nikikaribia kuimaliza hujiuliza kama neno "husababisha" lisingefaa kuwa "huambatana na", na mwaka mwingine hupita nikijiuliza. Kwa hiyo nawaandikia yale ambayo hayakupata nafasi katika tasnifu, yaani karibu yote yaliyotokea.

Tuanze na mkojo, kwa kuwa ndio utakaowashusha mabega kabla ya vitabu. Panya aliyekatika uti hawezi kukojoa mwenyewe katika majuma ya mwanzo. Kibofu hujaa, hupasuka au huoza, na mnyama hufa huku ninyi mkijadili homoni zake. Lazima mumkojoleshe kwa mkono, asubuhi na jioni, bila kujali Krismasi wala Idi. Pasheni mikono joto kwanza. Mshikeni kwa kiganja, tafuteni kwa kidole gumba kile kidonge laini chini ya tumbo, kisha bonyezeni polepole kuelekea mkiani, mkimsikiliza. Nasema kumsikiliza kwa maana kamili: mwili wake hulegea kabla mkojo haujatoka, na anayebonyeza kabla ya hapo anafanya kazi ya mchinjaji.

Kazi hiyo ilinipa jina mjini. Profesa aliniita Asistanti. Soko la Kasongo liliniita Mama wa Panya. Siku moja nilikuwa nachagua samaki kwa Mama Faida, anayeuza samaki wa Nyangwe karibu na msikiti.

"Mama, mukono ule unaokamulia panya ndio unagusa samaki yangu?"

"Nimenawa, Mama Faida."

"Wote wanasema vile. Onyesha kwa kidole tu, miye nitashika."

Nilionyesha kwa kidole. Nilifanya hivyo kwa miaka yote niliyobaki kuwa mteja wake, na sijawahi kupata samaki mbovu, jambo ambalo bado sijui niliandike kama "husababisha" au "huambatana na".

Sasa Profesa. Jina lake sitalitaja, kwa sababu analipenda mno. Wanafunzi walimwita Prof Mgongo. Alikuwa na mikono mizuri ajabu: alifungua mgongo wa panya, akakata uti, akashona, na damu isingetosha kuchafua ukucha. Alinifundisha kwamba kila kundi la panya waliokatwa uti lazima liwe na kundi la wenzao waliofunguliwa mgongo na kushonwa bila uti kuguswa, la sivyo hutajua kama unapima jeraha au unapima kisu. Alinifundisha kuchukua damu saa ileile kila mara, kwa kuwa homoni ya msongo hupanda na kushuka na saa za mchana, na kutomruhusu mgeni kuwashika panya kabla ya sindano, kwa kuwa panya humwogopa mgeni na damu yake husema hivyo. Yote hayo ni kweli hadi leo. Namshukuru kwa hayo, na hapo shukrani zangu zinakoma.

Mtu wa tatu alikuwa Papa Sumaili, mtunza vizimba, fundi wa waya aliyejenga kila kizimba mtakachokikuta humo. Mnajua jikoni kwetu kulivyo. Samaki wa moshi, karanga, mahindi ya mbegu, vyote huning'inia kwenye dari, kwa sababu chini kuna siafu na kuna panya. Papa Sumaili alikuwa mtoto wa jiko la namna hiyo, kama sote. Alisuka vikapu vidogo vya waya na kuvitundika kwenye kifuniko cha kila kizimba, ndani, juu, vikiwa na muhogo mkavu na mahindi. Nilipoviona mara ya kwanza nilimuuliza.

"Papa Sumaili, mbona juu hivi?"

"Ili panya wasifikie, Mama."

Tukatazamana.

"Panya wa inje," akasema. "Hawa wa ndani watasimama."

Wakasimama kweli. Panya mzima husimama kwa miguu ya nyuma, hushika waya kwa mikono na kula kama mtu aliyeegemea kaunta. Profesa alifurahi hata akawaleta wageni kuja kuona: hakuna siafu, hakuna uchafu, hakuna punje inayopotea. Sote tuliosoma, pamoja na yeye asiyesoma, tulisimama mbele ya vizimba vile tukavisifu. Panya waliokatika uti walikuwa wamelala sakafuni mwa kizimba, wakivuta miguu ya nyuma kama mkia wa pili, wakitutazama kutoka chini. Chupa ya maji ilikuwa na mdomo wake chini, kwa hiyo walikunywa. Walikula makombo yaliyodondoka kutoka kwa wenzao wazima tuliowaweka nao kizimba kimoja.

Mnaona tayari. Ninyi ni werevu, na nimewaeleza kwa mpangilio. Siye hatukuelezwa na mtu kwa mpangilio.

Damu iliwekwa kwenye barafu tuliyoomba kwenye friji ya baa, ikasafiri hadi Bukavu ikinuka samaki, na majibu yalirudi mazuri mno. Kwa panya waliokatika uti homoni ya kiume ilikuwa imeanguka. Homoni ya tezi ya shingo ilikuwa imeanguka. Homoni ya msongo ilikuwa imepanda na haikutaka kushuka. Wanyama walikonda wakabaki ngozi na masikio. Profesa alikuwa na maelezo kwa kila gramu iliyopotea, na maelezo yote yalianzia kwenye uti: uti umekatika, ubongo hauwasiliani na tezi, tezi zimelala. Katika majarida alisoma kwamba kwa panya wa wengine homoni ya kiume huanguka na baadaye huinuka tena. Kwetu haikuinuka. Badala ya kuuliza kwa nini, aliandika kwamba panya wa mkoa wetu, Maniema, wana hali ya pekee. Nchi yetu ina madini ya pekee, alisema, kwa nini isiwe na panya wa pekee.

Kisha akaenda kwenye redio ya mji.

Nilimsikiliza nikiwa nakojolesha. Alieleza vizuri kwa dakika za mwanzo. Mtangazaji, kijana mchangamfu, akamuuliza hayo yanamhusu vipi mtu wa kawaida. Na Profesa, ambaye kwenye karatasi hakuwahi kuandika sentensi bila "huenda" mbili, akajibu: "Mwanamume akivunjika uti wa mgongo, kiwanda cha uanaume kimefungwa, na ufunguo umetupwa mtoni Lualaba." Mtangazaji akacheka. Nami nilitabasamu, kwa sababu ilikuwa sentensi nzuri. Jihadharini na sentensi nzuri. Sikumbuki hata moja iliyokuwa na kundi la kulinganisha.

Kule Kabambare anaishi Zaina, binti wa mama yangu mdogo, anayeniita Yaya, yaani dada mkubwa, ingawa nina umri wa mama yake. Mumewe, Amisi, alikuja kutoka upande wa Fizi kuchimba dhahabu. Shimo lilimwangukia, likamfukia hadi kifuani, wakamtoa akiwa hai lakini miguu haimjui. Tangu hapo alikuwa amelala chumbani, na Zaina alimpikia, akamgeuza, akamsafisha, akaenda shambani, akarudi, akamgeuza tena. Kaka zake Zaina walikuwa wamenyamaza kwa sababu hakuna aliyejua la kusema. Sasa mtu alikuwa ameirekodi redio kwenye simu, na sauti ya Profesa ilikuwa imepanda pikipiki hadi Kabambare kabla hata hajafika nyumbani kwake kula.

"Yaya," Zaina alisema kwenye simu, "kaka wanasema wataalamu wamekata neno. Wanasema miye iko mujane wa mutu mwenye kupumua. Siku ya Ijumaa wanakuja kunitoa."

"Wewe unataka kutoka?"

Kuku alilia upande wake wa simu.

"Hakuna mutu ameniuliza vile," akasema. "Hapana, Yaya. Sitaki."

Lazima nirudi nyuma kidogo. Kabla ya redio, alasiri moja, nilikuwa na panya mmoja mapajani, kwa mkojo, aliyekuwa amekonda kuliko wote. Tulikuwa tumeshamwandika kuwa amekwisha. Kipande cha muhogo kiliponyoka kwenye kikapu nilichokuwa nimekisogeza, kikaangukia goti langu, kikabingirika hadi sakafuni. Panya yule akajitupa kutoka mapajani. Alikokota nusu yake iliyokufa juu ya saruji kwa kasi ambayo sijaiona kwa panya mzima, akakifikia, akakikumbatia, akala bila kupumzika, huku akinipa mgongo, mgongo uleule wenye mshono wa Profesa.

Mtu mwingine angeelewa papo hapo. Miye nilikwenda nyumbani nikafikiri. Labda alivutwa na harufu mpya. Labda jeraha lake halikuwa kamili. Labda homoni ya msongo humtia panya ulafi, na hivyo ulafi wenyewe ni dalili. Niliwaza kwa siku kadhaa jinsi mnyama mwenye njaa anavyoweza kueleweka bila kutumia neno njaa. Hatimaye nilifanya jambo lililokuwa rahisi hata nikaona haya: nusu ya panya waliokatika uti niliwawekea chakula sakafuni, katika kifuniko cha kopo, nusu nikawaacha na kikapu. Papa Sumaili alikunja uso, akamwaga majivu kuzunguka meza kwa ajili ya siafu, akasema kwamba wazee wake wangelia wakiona chakula chini.

Majibu ya damu yao yalifika siku mbili baada ya simu ya Zaina. Waliokula sakafuni walikuwa wamenona. Homoni ya tezi ya shingo ilikuwa karibu sawa na ya wazima. Homoni ya kiume ilikuwa imeinuka, si yote, lakini imeinuka kama kwa panya wa watu wengine. Panya wa Maniema hawakuwa wa pekee. Tulikuwa tumepima njaa kwa mashine ghali na kuiita uti wa mgongo.

Nilimpelekea Profesa karatasi ile. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akaisoma akiwa amekaa.

"Mama Asistanti, unataka niende radio niseme nini? Kwamba tulisahau kulisha panya?"

"Ndiyo, Prof."

"Sema kwamba matokeo ya awali yanahitaji kufafanuliwa zaidi."

"Wanakwenda kumtoa mwanamke kwa mumewe siku ya Ijumaa. Hilo nitalisemaje kwa Kibangubangu cha kwao?"

Alitazama dirishani. "Sayansi haiharakishwi," akasema. Redioni ilikuwa imeharakishwa bila shida.

Basi nikapanda pikipiki. Sitawaelezea njia ya Kabambare. Anayeijua hajaisahau, na asiyeijua hataniamini. Nitasema tu kwamba kuanzia Kasongo hadi mwisho nilikuwa nikitunga hotuba mgongoni mwa dereva. Ilikuwa na utangulizi, ilieleza ubongo, ilieleza tezi iliyo chini ya ubongo, ilitofautisha homoni na mbegu, na mbegu na nguvu za mwanamume, na ilionya mara tatu kwamba panya si mtu. Dereva alisikia midomo yangu ikienda.

"Mama, unasali?"

"Narekebisha."

"Endelea tu. Daraja iko mbele."

Nilifika Ijumaa baada ya sala. Wanaume walikuwa wameketi kwenye baraza ya nyumba, kaka watatu wa Zaina na majirani wawili, wakisubiri chakula. Kaka mkubwa, Mwinyi Rashidi, ni mtu wa heshima, mwenye sauti ya chini na hukumu za juu. Mbele ya nyumba zilisimama pikipiki walizokuja nazo, na moja ya ziada, yenye kamba imefungwa nyuma, waliyoikodi kutoka Kasongo kwa ajili ya Zaina na mizigo yake. Kamba ile ilinishtua kuliko maneno yote ya simu.

Niliomba kwanza nimsalimie mgonjwa.

Amisi alikuwa kitandani, mgongo ukutani. Zaina alikuwa anamtunza vizuri kuliko tulivyotunza panya: hakuna kidonda, shuka safi, chumba hakinuki. Lakini nilipoushika mkono wake kumsalimu, nilishika mifupa. Nimeshika wanyama waliokonda kwa miaka mingi. Mikono yangu ilimtambua kabla yangu. Juu ya sanduku, karibu na mlango, kulikuwa na sahani ya wali na sombe ya majani ya muhogo, iliyofunikwa, imepoa.

"Shemeji, hiyo ni ya lini?"

"Ya asubuhi."

"Hufikii?"

"Nikiita, Zaina analeta." Alitazama ukuta. "Siiti."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Nilikuwa na maswali yangu kwa mpangilio, nikayaacha.

"Kwa nini?"

"Nikikula, inatoka. Ikitoka, yeye ndiye anatoa kwa mikono. Mwanamuke ametoka shamba, amechoka, halafu..." Alinyoosha shuka. "Nikikula kidogo, inatoka kidogo. Nimepima. Na wale wanaume wako hapo inje wanakula, nawasikia. Zamani ile sahani ilikuwa yangu. Miye ndiye nilikuwa navunja samaki."

Vijana, mnafahamu desturi hiyo hata mkijifanya hamfahamu. Kwetu wanaume hula barazani kutoka sinia moja, na mwenye nyumba ndiye huvunja samaki na kusogeza kipande mbele ya mgeni. Tangu shimo limwangukie, hakuna aliyefikiri kumtoa Amisi nje. Walikula kwenye baraza yake, wakaletewa chakula na mke wake, wakajadili ndoa yake, naye akiwa upande wa pili wa ukuta wa matofali, akisikia vidole vikigusa sinia. Wakati wote huo walimwonea huruma.

Nilirudi barazani. Mwinyi Rashidi alinipa kigoda, heshima ambayo mwanamke haipati kila siku, kisha akauliza mbele ya wote:

"Mama wa Panya, umetoka mbali. Tuambie bila kuzunguka. Huyu ni mwanamume ao hapana?"

Hotuba yangu yote ilikuwa tayari. Niliona utangulizi wake ukinisubiri. Nikafungua kinywa, na kilichotoka ni hiki:

"Wale panya wa redio walikuwa na njaa."

Jirani mmoja akacheka peke yake, akaacha.

"Njaa namna gani?" akauliza Mwinyi Rashidi.

"Chakula tulikitundika juu. Mwenye mgongo mzima alisimama akala. Mwenye mgongo uliovunjika alikaa chini akatutazama. Tukachukua damu yake, tukakuta uanaume umepungua, tukasema ni mgongo. Tulipoweka chakula chini, ulirudi kwa sehemu kubwa."

"Profesa mzima alisahau kulisha panya?"

"Alilisha. Hakuangalia nani anafikia."

"Na mutoto? Watapata mutoto?"

"Hilo sijui. Panya hawakunijibu hilo, na mtu si panya. Atakayewaambia anajua, muulizeni anakula wapi." Halafu nikasema lile ambalo halikuwa katika sura yoyote ya tasnifu: "Shemeji yenu anajinyima chakula kwa haya, na mnakula upande wa pili wa ukuta wake. Msimpime bado."

Zaina alikuwa amesimama mlangoni na sinia la wali na samaki. Alikuwa amesikia. Nilidhani atalia, na nikajiandaa kumfariji, kwa kuwa mimi hujiandaa kwa kila jambo isipokuwa lile linalotokea. Hakulia. Hakuliweka sinia chini pia.

"Kaka," alimwambia Mwinyi Rashidi kwa sauti ya kawaida kabisa, "chakula iko hapa. Mwenye kuvunja samaki iko ndani. Mikono yangu imejaa."

Kaka mdogo alicheka kwa aibu. "Zaina, weka basi, watu wana njaa."

"Nimesikia kwamba kuna watu wana njaa."

Akasubiri. Wali ulikuwa unatoa mvuke. Mwinyi Rashidi alitazama sinia, akamtazama dada yake, akatazama ile pikipiki yenye kamba. Kisha akavua kofia yake, akaiweka kwenye kigoda, akamwita mdogo wake, wakaingia ndani. Tulisikia kitanda kikisogezwa, tukamsikia Amisi akisema hapana, hapana, nimechafuka, na Mwinyi Rashidi akijibu, "Shika shingo yangu, shemeji, acha kelele." Wakamtoa wakiwa wamembeba, miguu ikining'inia, wakamketisha kwenye mkeka na mgongo wake ukutani.

Zaina akaweka sinia mbele yake. Amisi alimvunja samaki vibaya, vipande vikubwa na miiba. Alisogeza kipande cha kwanza mbele ya Mwinyi Rashidi, aliyekuja kumchukua mke wake. Mwinyi Rashidi alikichukua, akakila. Baada ya hapo nilingoja mazungumzo ya ndoa yaanze, na hayakuanza. Ni vigumu kumjadili mtu kama maiti akiwa anakupa samaki. Waliongea bei ya mpunga.

Profesa baadaye alirudi redioni. Alitangaza ugunduzi mpya kuhusu lishe na homoni baada ya jeraha la uti, kwa sentensi nzuri sana, na ufunguo wa Lualaba hakuutaja. Vikapu vya Papa Sumaili bado vipo, mtavikuta. Msivitupe. Kwa kila kizimba, wekeni mashavu yenu sakafuni, mahali panya alipo, mtazame juu, ndipo muandike neno la kwanza la protokoli. Mkiona aibu kulala chini mbele ya wenzenu, kazi hii si yenu. Kuna nafasi redioni.

Mimi nilirudi Kasongo jioni ileile kwa pikipiki ya ziada. Ilikuwa imelipiwa kwenda na kurudi, na Mwinyi Rashidi hakupenda irudi tupu. Dereva alifungua ile kamba iliyokuwa ya mizigo ya Zaina, akaniuliza afunge nini. Sikuwa na kitu. Nikaiviringisha nikaikalia.